Zinia za Mama Watoto

Benchi letu liko kwenye kona, mbele ya karakana ya Seremala. Mimi huuza kahawa hapo, mtoto mgongoni. Wenyewe ni watatu: Seremala, mgane wa miaka miwili; Wakili, ambaye mahakama anaijua kwa nje tu; na Redio, ambaye hazimiki, ingawa safari hii alinyamazishwa mwezi mzima kwa kulazwa hospitali. Ndiyo kwanza arudi. Asubuhi ile Seremala alitokea bustanini kwake ameshika konzi ya maua makavu.

— Yamekufa! Maua ya mama watoto, zile zinia, yote!

— Lahaula! — Wakili akajimwagia kahawa. — Yote?

— Hata moja halikubaki. Miaka miwili sijawahi kuamka nikakosa ua pale!

— Hapa kuna mkono wa mtu — akasema Redio. — Lisemwalo lipo.

— Nani kasema?

— Si mimi hapa!

— Huo ni uchungu, Redio — akasema Wakili. Maua yamemkumbuka mwenyewe, yakagoma kunywa. Damu nzito kuliko maji.

— Uchungu wapi! Ni mnara wa simu. Unanyonya rangi. Ngojeni, mtaona mashati yetu yanavyopauka.

— Lako lilipauka kabla ya mnara.

Seremala hakucheka. Wakili akamsogezea kikombe chake mwenyewe, kile kilichobaki nusu.

— Nayamwagilia kila siku — akasema Seremala. — Alinikabidhi, nikamwambia nitayatunza. Sasa ni kama nimemzika mara ya pili.

Mpangaji mpya wa nyumba ya pili alikuwa akingoja kahawa. Akaomba ua moja, akalifikicha. Mbegu nyembamba zikamjaa kiganjani.

— Baba, hujayaua. Haya ni ya msimu mmoja. Yakishachanua hukauka, unazika mbegu kidogo tu udongoni, yanaota mengine.

— Msimu mmoja? — Seremala akasimama wima. — Na mimi sijapanda hata mbegu moja!

— Basi miaka yote miwili alikuwa akiyapanda nani? — akauliza mpangaji.

Wakili akamtazama Seremala, Seremala akaitazama bustani, mdomo wazi.

Redio, ndiyo kwanza atoke hospitali, alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshamwona akivitia mfukoni vichwa vitatu vya maua makavu vilivyomdondoka Seremala, taratibu, kama mtu anayeficha peremende za mtoto.

Nikamjazia kikombe kabla hajaomba.