Maneno ya Rosenda Dirishani

FRIDA: Haloo, nani mwenzangu?

LEA: Mimi.

FRIDA: Mimi tuko wengi.

LEA: Lea, mdogo wako, napiga kutoka Kongwa. Hii simu ya Zaidi mwenye duka. Shikamoo dada.

FRIDA: Marahaba. Mbona unasikika kama uko ndani ya pipa?

LEA: Niko juu ya pipa. Chini mtandao haushiki. Zaidi kaniambia nikianguka, nianguke mimi kwanza, simu ije juu yangu.

FRIDA: Leo Jumamosi. Siku yetu si Jumatano, nikishaangalia tamthilia Jumanne?

LEA: Najua. Shemeji Optatus hajambo?

FRIDA: Hajambo.

LEA: Yupo?

FRIDA: Yuko kazini.

LEA: Jumamosi?

FRIDA: Madereva wa serikali hawana Jumamosi. Sema shida yako, simu ya watu hiyo.

LEA: Shida ni Rosenda.

FRIDA: Rosenda wa kwenye tamthilia ya Wameksiko? Kafanya nini tena?

LEA: Wewe ndiye mwenye televisheni, halafu unaniuliza mimi.

FRIDA: Lea, mimi nina mboga jikoni—

LEA: Yudith kaja jana. Yule binti wa mzee Bartolomayo, anasomea uuguzi huko kwenu Dodoma. Jumanne wameangalia bwenini kwao. Anasema Leandro hajarudi kwa mke wake Rosenda. Yuko hospitali, kichwa kizima bendeji, jina lake mwenyewe hajui. ...Haloo?

FRIDA: Nipo.

LEA: Mimi nimewasimulia watu kumi na tisa, wamejaa kwangu wanabangua karanga za mbegu. Nikawaambia Leandro karudi, kabisha hodi, na Rosenda kamjibu dirishani: "Begi liache hapo hapo ulipolishusha, maana utalibeba tena sasa hivi." Ulivyonipa ndivyo nilivyowapa. Watu waliacha kubangua, dada.

FRIDA: Yalikuwa maneno mazuri.

LEA: Mazuri mno. Tabu kayatumia.

FRIDA: Tabu huyu jirani yako? Kayatumia wapi?

LEA: Kwa Yahaya.

FRIDA: [mtandao unakwaruza] —haya yupi? Mume wake? Si alikwenda kuvua Mtera?

LEA: Miaka mitatu. Kwa miaka mitatu kaleta samaki mkavu mmoja, tena kwa mkono wa dereva. Sasa Alhamisi jioni karudi, kabisha hodi. Tabu kafungua dirisha, kamwambia neno kwa neno. Hata sauti kaiga, ile niliyoiga mimi nikikuiga wewe.

FRIDA: Naye akafanyaje?

LEA: Kabeba begi. Kalala stendi siku mbili, leo anaondoka na basi la saa nne. Namwona kwa hapa nilipo, kakaa juu ya begi. Dereva anakunywa chai.

FRIDA: Na Tabu?

LEA: Kwenye benchi la duka. Hatusikii, mashine ya kusaga inanguruma. Ananingoja mimi. Anataka kujua Rosenda baada ya pale alifanya nini, alibaki ndani au alimfuata.

FRIDA: Mtu mzima yule. Kwani lazima amngoje Rosenda?

LEA: Mume ukimfukuza kwa mdomo wako, haya. Lakini umfukuze kwa mdomo wa Rosenda, halafu Rosenda mwenyewe hajafungua mdomo? Dada, Leandro alirudi au hakurudi?

FRIDA: Umeme ulikatika.

LEA: Lini?

FRIDA: Hiyo Jumanne. Mgao. Si unasikia wanavyosema maji yamepungua kwenye bwawa la umeme la Mtera. Nikaona nisikuache mkono mtupu, nikaunganishaunganisha.

LEA: Yudith anasema umeme ulikuwepo. Tena bweni lao na nyumba yako mnatumia nguzo moja.

FRIDA: Yudith kaenda kusomea uuguzi au nguzo?

LEA: Na Jumanne ya nyuma yake? Ile ya mama mkwe kunywa uji wa ulezi? Nilisimulia, lakini moyoni nikasema, hawa Wameksiko uji wa ulezi wameanza lini? Halafu mbona kwako kimya hivyo? Zamani nikipiga nasikia nyumba imejaa, Hilda jirani yako anagombania kigoda, watoto wa jirani wanafukuzwa mbele ya kioo. Siku hizi nasikia sufuria tu.

FRIDA: Hawaji tena.

LEA: Mmegombana?

FRIDA: Waje kuangalia nini? Ukuta?

LEA: Televisheni iko wapi?

FRIDA: Iliondoka.

LEA: Televisheni haina miguu, dada.

FRIDA: Ilibebwa.

LEA: Wezi?

FRIDA: Wezi hawana ufunguo wa mlango.

LEA: Shemeji yuko kazini wapi?

FRIDA: Lea.

LEA: Basi. Nimeelewa.

FRIDA: Kaondoka na antena pia.

LEA: Na antena.

FRIDA: Alipanda juu ya bati mwenyewe kuing'oa. Mwaka mzima namwomba apande aigeuze kidogo picha itulie, mgongo unamuuma.

LEA: Wiki mbili sasa.

FRIDA: Wiki mbili na siku tano.

LEA: Kwa nini hukuniambia?

FRIDA: Ulipiga simu, nyuma yako nikasikia watu wamekufuata mpaka hapo dukani, karanga zinapasuliwa, mtu anauliza, "Anasemaje, anasemaje?" Ningesema nini pale? Leandro ndiye aliyekuwa karibu.

LEA: Na maneno ya dirishani, ulimwambia shemeji?

FRIDA: Yalikuja baada ya yeye kufunga mlango. Mimi maneno yangu yanachelewa. Rosenda tu ndiye niliyeweza kumpa yakamfikia kwa wakati.

LEA: Ndiyo maana. Maana zamani Rosenda alikuwa analia tu kwenye ngazi, watu hapa walishaanza kumchoka. Wiki hizi mbili wakawa wanasema tamthilia imepata nguvu. Hata mzee Bartolomayo, ambaye kila siku anauliza watu wale wanakula nini na hawana shamba hata moja, safari hii kakaa mpaka mwisho.

FRIDA: Alisemaje?

LEA: Kasema huyu mwanamke sasa ameanza kufikiri.

FRIDA: Kasema hivyo?

LEA: Kwa mdomo wake. [honi kwa mbali] Dada, dereva kapanda. Kijana wa basi anapakia mizigo ya watu juu. Nimwambie Tabu nini?

FRIDA: Mwambie Rosenda alifungua mlango.

LEA: Umeliona wapi hilo?

FRIDA: Popote. Afungue, mume wake apate kuingia—

LEA: Umemtungia kufukuza, sasa umtungie na kufungua?

FRIDA: Basi, mwambie ukweli.

LEA: Upi?

FRIDA: Rosenda hakusema kitu. Nilisema mimi, peke yangu, nikiwa nimekaa chini naangalia msumari uliobaki ukutani. Hayo mwambie.

LEA: Subiri. [mbali na simu] Tabu, njoo. Sogea, sogea hapa... [mashine ya kusaga; mtandao unakwaruza] ...Haloo?

FRIDA: Umemwambia?

LEA: Nimemwambia.

FRIDA: Kakasirika?

LEA: Ananiangalia mimi, lakini anayeangaliwa ni wewe.

FRIDA: Anasemaje?

LEA: Subiri anasema. Anauliza... anauliza yule aliyeyatoa maneno yale, usiku ule alilala? Dada, basi linawashwa.

FRIDA: Mwambie hakulala.

LEA: Hiyo nayo umetunga?

FRIDA: Hiyo hapana.

LEA: [mbali na simu] Anasema hakulala. ...Haya. Kaondoka.

FRIDA: Kwenda wapi? Nyumbani au stendi?

LEA: Hajakimbia, anatembea tu. Kavuka barabara. Yahaya kamwona, kasimama. Kavua kofia.

FRIDA: Anamwambia nini?

LEA: Kwa umbali huu nasikia basi tu. Mdomo wa Tabu unakwenda. Unakwenda bado. Dada, yale si maneno ya Rosenda, yale ni marefu.

FRIDA: Na mwanaume?

LEA: Anatazama viatu vyake. ...Basi limetoka.

FRIDA: Naye ndani?

LEA: Limemwacha. Wamebaki pale kwenye vumbi, Tabu bado anasema. Naona yuko mwaka wa kwanza, kuna mingine miwili.

FRIDA: Haya.

LEA: Na Zaidi ananionyesha vidole, vocha inakwisha. Dada, funga nyumba uje. Karanga bado magunia manne, na watu jioni watataka kusikia.

FRIDA: Kusikia nini? Nitawasimulia nini na mimi televisheni sina?

LEA: Kwani hizi wiki mbili ulikuwa nayo?

FRIDA: Basi la mwisho la kuja huko linatoka saa ngapi?

LEA: Saa tisa. Ukikaa upande wa kulia jua hali—