Matela Niliyoipasua kwa Kisu

Bandugu zangu, mimi si muntu wa kusema mbele ya bantu, lakini leo mutanisikia. Bale banaojua habari yangu basinicheke kabla sijafika mwisho.

Munanijua, nauza vikwembe, vitenge vya kujifunga, kila asubuhi navuka daraja kwenda Bukavu. Nilikuwa na kiburi, na si kidogo. Kikundi hiki cha bamaman kilipoanza kupita nyumba kwa nyumba kuomba vitu bantu wasivyovitaka tena, ili visiishie jalalani, nilicheka: "Angalia bamaman ba takataka!" Mwenyekiti huyo hapo, anatabasamu. Anakumbuka.

Siku moja nikanunua matela mpya, godoro zuri la kulalia. Ile ya zamani ilikuwa bado nzima. Munajua nilifanya nini? Nikachukua kisu, nikaipasua katikati, majirani banaangalia, ndipo nikaitupa jalalani. Sikutaka muntu wa mtaa huu alale juu ya kitu changu, kisha ajilinganishe na mimi. Nawaambia ukweli, nilisikia raha.

Kisha mvua ikaja. Ukuta wa nyuma wa nyumba yangu ukaanguka, udongo wa mlima ukaingia ndani, ukafunika matela mpya, sufuria, vikwembe, vyote. Mungu alitulinda, hakuna aliyeumia. Lakini batoto bangu batatu nilibatawanya, mmoja kwa shangazi yake kule Gikundamvura, babili kwa jirani. Nikapata chumba kitupu hapa Kamembe. Kila siku bananiuliza kwa simu, "Maman, tutarudi lini?" Balale juu ya nini, sementi?

Wiki ya pili, bamaman bale bale bakabisha. Bamebeba sufuria mbili, meza, na matela.

Nikasema, "Asante, mimi si masikini."

Mwenyekiti akanijibu, "Hatujakuuliza kama uko masikini, Maman. Batoto balale wapi?"

Jamani, nikasogea kando ya mlango. Matela ikaingia. Ndipo nikaona mshono katikati, toka juu mpaka chini, uzi mzito wa bluu.

"Mumeitoa wapi hii?"

"Jalalani. Mushonaji wetu alikaa siku mbili nayo."

"Na munajua ilikuwa ya nani?"

"Tangu siku ya kwanza," akasema, akaendelea kupanga sufuria.

Bandugu, nililia kama mtoto. Nikaenda kubachukua batoto bangu, na jioni ile bote batatu balilala juu yake. Mdogo akapitisha kidole kwenye mshono, akauliza nani aliikata. Nikamwambia, "Ni mimi, mama yako." Nilisikia haya, lakini nilimwambia.

Nawashukuru bamaman hawa, na mushonaji yule zaidi. Hamukunidharau siku ambayo nilistahili. Ninyi muliokaa hapa, kitu usichokitaka, kitoe kingali kizima. Usikiharibu kwa sababu ya kiburi.

Nimeambiwa kuna maman ametoka kuzaa, hana pa kumulaza mtoto. Batoto bangu nimeshabanunulia nyingine, na matela ile iko pale mlangoni. Nimeifua, nimeianika, mshono bado umeshika. Naomba babili munisaidie kuibeba, twende sasa hivi.