Roboti ya Wageni

Mwalimu aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa ameipakata roboti kama mtoto anayepelekwa kliniki. Mama aliyekuwa kando yake, fundi cherehani mwenye futi ya kupimia shingoni, aliikodolea macho, kisha akagusa gurudumu lililofungwa kwa uzi wa njano.

"Mwalimu, huu uzi ni wangu. Binti yangu aliniomba apeleke shuleni."

"Ahsante, mama, gurudumu lilikuwa limeshachomoka. Roboti yenyewe ni moja na shule ni tisa. Wageni wa mradi wa roboti wakienda shule yoyote, nami nawahi nayo kabla hawajafika."

"Sasa inafundisha nini?"

"Inawafundisha wageni kwamba tunafundisha."

Mimi nilikaribia kucheka. Mama hakucheka.

"Binti yangu alisema wameiunda wenyewe, kwa mikono yao. Nimetangaza mtaa mzima!"

"Ndivyo tulivyowafundisha kusema mbele ya wageni. Tumewakaririsha wiki nzima. Ningefanyaje, mama? Na mimi natumwa tu."

"Haya, mbele ya wageni sawa. Mbona nyumbani alisema hivyohivyo, tena ananitazama machoni? Kwani mimi ni mgeni?"

Basi likasimama, mwalimu akainuka. Akashuka na roboti yake kifuani. Ndani ya lango la shule nyingine, watoto walikuwa wamepangwa mstarini, wakirudia kwa sauti moja: "Tumeiunda wenyewe! Tumeiunda wenyewe!"