Risala ya Wafua Nguo wa Nola Kuhusu Dirisha Lililopigiliwa Misumari

Mgeni rasmi, mheshimiwa Matrinius Celer, msimamizi wa mitaa na masoko ya Nola. Wazee wa baraza mlioziba pua. Majirani mliofuata divai:

KARIBU

Sisi wafua nguo wa Lango la Kusini tunakukaribisha katika sikukuu ya mama yetu Minerva, mungu wa mafundi. Tunajua ungependa kukaa uani. Kiti tumekuwekea humu ndani, makusudi. Harufu hiyo ni yetu, usimtazame jirani yako vibaya.

HISTORIA YETU

Sisi ni watu wa miguu. Kutwa tunakanyaga nguo zenu kwenye mabeseni ya mkojo, ndio sabuni yetu, tena mkojo wenu wenyewe, ule mnaotuachia katika mitungi ya njia panda. Kwa heshima ya leo tuuite maji ya mji. Kwa hiyo viongozi mmekuwa mkituchangia miaka yote na hatujawahi kuwashukuru. Asanteni.

MAFANIKIO

Tunalo moja. Mwaka jana ulipogombea ulikuja hapa na mtumwa wako wa kukunong'onezea majina ya watu. Ukamshika mkono Salvia, mke wa mwenzetu Oppius, huyu anayekusomea, ukasema, "Habari za siku, mzee Silvanus!"

Salvia akajibu, "Nzuri, bwana mkubwa, ila ndevu bado hazijaota."

Tulicheka mpaka maji ya mji yakamwagika. Nawe ukacheka, ukauliza tunataka nini.

"Dirisha, baba. Moshi wa salfa unatumaliza."

"Dirisha tu? Mama, hilo si ombi, hiyo ni salamu! Nikipita, mnalifungua."

Tukaamini. Watu wazima, wenye wajukuu, tukaamini! Tukapaka ukutani kwa rangi nyekundu: WAFUA NGUO WOTE WANAMTAKA CELER. Wajinga ndio waliwao.

Kisha ukataka joho la kugombea jeupe kuliko ya wenzako. Joho kama hilo hutandazwa juu ya tenga, salfa ikawaka chini yake, na mtu mfupi akainama humo kuligeuza. Mfupi wetu alikuwa Salvia. Kila ukilirudisha, "Bado, bado," naye anainama tena. Ulipita sokoni unang'aa kama maziwa, ukashinda. Yeye, mwili wake tulishauchoma na kuzika majivu kabla kura hazijapigwa.

Hayo ndiyo mafanikio.

CHANGAMOTO

Dirisha lile lilipigiliwa mbao kwa amri ya ofisi yako, kabla yako, ili harufu isiwafikie mabwana wanaopunga upepo barazani. Harufu ikahamia mlangoni, inawafikia vilevile. Moshi ndio uliobaki na sisi.

Kunuka tumezoea. Hata bafu la mji hutufukuza: "Nyie, ogeni kwanza ndipo mje kuoga!" Tusichokizoea ni kikohozi cha Ampliata, binti aliyerithi tenga la Salvia. Ukimuuliza, anasema, "Mafua tu." Salvia naye alisema mafua tu.

Ofisini kwako tumefika. Karani akasema, "Bwana yuko bafuni."

"Si hata juzi alikuwa bafuni?"

"Bwana ni msafi sana."

Utauliza mbona tusilifungue wenyewe. Anayeng'oa msumari wa ofisi bila ruhusa huchapwa viboko. Miguu yetu ni jasiri, mheshimiwa, inaingia popote. Mikono ndiyo waoga.

OMBI

Tuliambiwa ombi liwe fupi. Dirisha.

Sasa hivi Ampliata anawasha salfa, maana majoho ya sikukuu hayasubiri risala. Macho yakikuwasha, usione haya. Walio nyuma watadhani unatuonea huruma, na jambo hilo litakufaa uchaguzi ujao. Wazee wa baraza wanaokimbilia mlangoni wasikubabaishe. Wao hawakuahidi kitu.

Mgeni rasmi haondoki mikono mitupu. Wenzetu wengine wangekupa kitambaa. Sisi tumekununulia nyundo, ile ya mdomo wenye pembe, ya kung'olea misumari. Msumari wa ofisi ukitolewa na mwenye ofisi, hachapwi mtu. Ipokee, mheshimiwa. Dirisha liko kulia kwako.

Minerva akupe kifua kipana na pumzi ndefu, wewe na wa nyumbani mwako.

Ni sisi,
Wafua Nguo wa Lango la Kusini, Nola.
Imesomwa na Oppius, mgane, huku akikohoa.