Waqo Gababo na Kisima Ambacho Hakimo Daftarini

Tarehe 30 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, Mzee Waqo Gababo atarudisha ufunguo wa stoo na kufunga miaka thelathini na saba ya kazi katika ofisi yetu ya maji hapa Isiolo. Aliingia mwaka wa 1988 akiwa kibarua wa kubeba mabomba, na anatoka akiwa fundi mkuu wa visima na pampu. Kamati ya sherehe imeniomba niandike kurasa mbili zenye furaha kwa ajili ya programu ya kumuaga. Furaha ipo, na nitaanza nayo kabla haijaniishia.

Kuna kisa cha kiatu, ambacho kila mgeni wa ofisi hii husimuliwa wiki yake ya kwanza. Mwaka wa 1994, katikati ya kiangazi, pampu ya mkono ya kijiji kimoja karibu na Garbatulla iliharibika, na kile kipande cha mpira kinachozuia maji kuvuja hakikupatikana hata Nairobi. Mzee Waqo alivua akala yake, kiatu cha tairi kuukuu, akakata mpira, akaupachika, na maji yakatoka. Alirudi Isiolo na kiatu kimoja. Pampu hiyo mpaka leo inaitwa Kiatu, na kwenye ramani ya ofisi imeandikwa hivyo hivyo, kwa wino.

Halafu kuna ulimi wake. Mimi ndiye mpima maji wa ofisi; nina cheti na nina mashine. Kila sampuli ilipofika maabara, Mzee Waqo alichovya kidole, akaonja, akataja kiasi cha chumvi. Mashine ikitofautiana naye, alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeuziwa saa mbovu. Kwenye semina za hotelini alikataa maji ya chupa mpaka aambiwe yalichimbwa wapi, na wahudumu wakawa wanakwepa meza yetu.

Lakini anayemjua vizuri anajua kwamba aliomba kazi hii kwa sababu ya kisima kimoja. Kinaitwa Ela Dima, yaani kisima chekundu kwa Kiborana, na kiko kilomita kumi na nne kaskazini ya Garbatulla. Baba yake, Gababo, alikuwa aba herega wa kisima hicho, yule mzee anayepanga zamu: ngamia wa nani wanywe leo, ng'ombe wa nani wangoje kesho. Kisha vikaja vita vya miaka ya sitini kati ya serikali na waasi wa kaskazini, wakati ambao wazee wa huku wanauita Gaafa Daba, siku ambazo kila kitu kilisimama. Watu walikusanywa kambini. Migunga ilikatwa, kwanza kwa ajili ya ua wa miiba, baadaye kwa kuni, mpaka mwendo wa nusu siku kila upande ukabaki mchanga mtupu. Na ili waasi wakose pa kunywea, siku moja ya mwaka wa 1966 malori ya wanajeshi yalifika Ela Dima. Ngamia walipigwa risasi wakiwa kwenye zamu yao, wakasukumwa ndani. Juu yao yakatupwa mapipa ya oili chafu, na juu ya mapipa, mawe. Waqo alikuwa mtoto mgongoni kwa mama yake, Tiya, ambaye aliona yote. Gababo alifia kambini mwaka uliofuata.

Vita viliisha, tukaambiwa. Waliobaki na mifugo walitoka kambini wakakuta visima vyao vimezibwa, wote wakabanana kwenye kisima kimoja cha serikali. Nyasi zilikanyagwa mpaka mizizi, upepo ukabeba udongo, mvua ikachimba makorongo ambayo leo yanameza gari zima. Miaka kumi na mitatu iliyopita mtaalamu wa mradi mmoja alisimama ukingoni mwa korongo la aina hiyo akawaambia wazee kwamba ardhi imekufa kwa sababu wanafuga wengi mno. Mzee Waqo, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kuendesha gari tu, alishindwa kunyamaza. "Wewe unauliza sisi? Enda uliza mwenye alikuja na lori." Mtaalamu aliandika kitu kwenye daftari lake. Ripoti ilipotoka nilitafuta neno lori, sikuliona.

Ombi la kwanza la kufungua Ela Dima, Mzee Waqo aliliandika mwaka wa 1991. Jibu lilisema kisima hicho hakimo kwenye daftari la visima, na kisichokuwemo daftarini hakiwezi kukarabatiwa. Daftari hilo lilitungwa mwaka wa 1972, na walioliandika walihesabu visima vyenye maji tu, miaka sita baada ya malori kupita. Akaomba basi kichimbwe kama kisima kipya. Akajibiwa kwamba kwa mujibu wa ramani, eneo hilo halina maji. Aliandika mara kumi na mbili. Katikati ya barua hizo alizibua visima kumi na kimoja vya watu wengine, na mimi nimekula nyama kwenye sherehe za vitatu.

Mwaka wa 2019 alichoka kuomba. Alichukua likizo, akaenda na jamaa zake wanne na kamba, wakachimba siku ishirini na tatu. Walitoa mawe, wakatoa mifupa, wakatoa mapipa yaliyoliwa na kutu hadi yakawa wazi. Maji waliyakuta kwenye mita kumi na sita. Aliniletea katika jerikeni ya lita tano. Siku hiyo hakuchovya kidole. Aliweka jerikeni mezani akasema, "Mutwiri, pima wewe," akatoka kukaa kwenye benchi la nje. Nilisikia harufu kabla sijafungua kifuniko. Niliandika kwamba maji hayo hayafai kwa binadamu wala mifugo, nikatia sahihi. Sijawahi kuichukia sahihi yangu kama siku ile.

Mama Tiya wakati huo alikuwa ameshapita miaka themanini, akiishi kwa mwanawe, mtaa wa Bulla Pesa hapa Isiolo, na kila siku aliulizia maji. Mzee Waqo alimpelekea kidogo kwenye kikombe, ayaone tu. Mama alinusa, akarudisha kikombe.

"Hii si Ela Dima. Maji ya Ela Dima ilikuwa tamu. Wewe ulichimba wapi?"

"Nimekosea mahali, ayo, mama yangu. Nitatafuta tena."

Mtu ambaye katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kukosea mahali pa kisima alikaa akakemewa na mama yake kama mvivu, na hakujitetea. Mama Tiya alifariki mwaka wa 2021, akiamini kisima chake kipo mahali, kitamu, kinamngoja mwanawe aache uzembe. Nimemwomba Mzee ruhusa ya kuandika haya. Alisema sasa hakuna tena wa kumficha.

Na kabla ya likizo ile kwisha, alirudi Ela Dima akakiziba, kwa mawe yale yale, mnyama yeyote asije akanywa.

Kamati ilipomuuliza anataka zawadi gani, wengine walipendekeza televisheni, wengine tangi. Yeye aliomba Ela Dima kiandikwe daftarini. "Andikeni imekufa," alisema. "Lakini andikeni." Jibu lilitufikia wiki jana: daftari halina safu ya visima vilivyokufa.

Basi ninakiandika hapa, kwa mtindo wa daftari letu. Jina: Ela Dima. Mahali: kilomita kumi na nne kaskazini ya Garbatulla. Kina: mita kumi na sita. Msimamizi: Gababo, aba herega. Kimezibwa: mara ya kwanza 1966, na wanajeshi, mara ya pili 2019, na Waqo Gababo. Maji: yapo, hayafai. Mpimaji: Mutwiri.

Mzee Waqo, ahsante kwa kila pampu, kwa kila barua, na kwa akala ile. Mungu akupe afya, wajukuu wasumbufu na chai isiyo na chumvi. Programu hii imechapishwa nakala mia mbili. Atakayetaka kusema kisima chako hakikuwahi kuwepo, itabidi azitafute zote.