Bi Nanikasema na Alama za Usemi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufundisha darasa la nne, mwalimu wetu wa Kiswahili anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili wanalijua wahasibu. Sisi wengine, pamoja na wanafunzi na mlinzi wa getini, tunamwita Bi Nanikasema, na mwenyewe huitika. Mhariri wa jarida hili aliniomba niandike wasifu usio na mazungumzo. Nimejitahidi. Lakini kuandika habari za mama huyu bila alama za usemi ni sawa na kumsifu mshonaji bila kutaja sindano, kwa hiyo mhariri atanisamehe zikipenya mbili tatu.

Darasa langu limepakana na lake na ukuta kati yetu ni wa mbao, hivyo nimerudia darasa la nne mwaka hadi mwaka bila kupenda. Nilipohamia hapa nilishangaa kusikia swali moja likipenya ukutani kila mara: "Nani kasema?" Nilidhani ana darasa la watundu na anamsaka mkosaji. Nikashindwa kuvumilia, nikaenda kuchungulia. Watoto wawili walikuwa wamesimama mbele, kila mmoja ameinua vidole viwili juu ya kichwa kama sungura, na katikati yao mtoto wa tatu alikuwa akiigiza maneno ya babu mwenye jino bovu. Wale wawili walikuwa alama za usemi. Mmoja anafungua, mwingine anafunga, na kwa sheria za chumba kile hakuna aliyeruhusiwa kudakia ndani ya maneno ya mwenziwe.

Udadisi wangu ulianza hapo na haujaisha. Kwa nini mtu mzima ajisumbue hivyo kwa vijialama vidogo kuliko sisimizi?

Jibu la kwanza nililipata kwenye madaftari aliyokuwa akisahihisha. Mtoto mmoja alifungua usemi wa bibi yake mstari wa pili, akasahau kuufunga. Bibi akasema weee. Akasema mvua ikanyesha, akasema mbuzi wakarudi, akasema tukala tukalala, na chini kabisa ya ukurasa bibi huyo huyo akasema Mwisho. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika: "Mfungie bibi mlango apumzike." Wengine waliandika baba alisema kwamba, halafu hapo hapo wakafungua usemi. Hao aliwaambia fahali wawili hawakai zizi moja. Ukiweka "kwamba", umeyachukua maneno ya baba unayasema wewe. Ukiweka alama, umempisha baba aseme mwenyewe. Chagua moja.

Ofisini naye alikuwa kero tamu. Mtu akianza na "inasemekana", yeye huweka kikombe cha chai mezani na kuuliza, kwa upole na hamu ya kweli kabisa, nani kasema. Mwalimu wa michezo, ambaye ndiye shirika letu la habari, hulalamika mpaka leo kwamba mama huyu amemharibia biashara. Walimu wapya wote walipitia mikononi mwake, mimi nikiwamo, na insha za darasa la nne zilikuwa zikiazimwa na shule jirani kama mfano. Ameyafanya hayo bila kupiga zumari.

Lakini nilimwelewa vizuri mwaka ule stoo ilipofurika. Jumatatu tulikuta bomba la jikoni limeachwa wazi na maji yamelowesha vitabu vipya vya shule nzima. Binti mmoja wa darasa la nne, mtoto mtulivu, alikuwa ameonekana Ijumaa akichota maji jikoni. Mwalimu mkuu akampa karatasi aandike anachokijua. Akaandika sentensi moja: Mpishi alisema nimeacha bomba wazi.

Mwalimu mkuu aliposoma, kesi ikaisha. Mpishi amemtaja mtoto, basi. Binti akaambiwa aende nyumbani, arudi na mlezi wake, na sote tulijua maana yake. Alilelewa na shangazi aliyekwisha kuapa kwamba akiitwa shuleni tena, hata kwa kosa la kuchelewa, binti ataacha masomo akae nyumbani kulea wadogo zake. Mtoto alikuwa ameshafunga mkoba. Hakulia. Alituangalia tu kama mtu ambaye hajaelewa ameulizwa nini.

Bi Nanikasema aliiomba ile karatasi, akaisoma, akairudia, kisha akamrudishia binti. Hakumuuliza kama ana kosa. Alimwambia, "Hebu nisomee, mwanangu. Ukifika alipoongea mpishi, ongea kama mpishi."

Binti akasoma maneno mawili ya mwanzo kwa sauti yake. Kisha akaishusha, akaikwaruza, akawa mwanamume wa makamo mwenye mafua: "Nimeacha bomba wazi."

Sentensi ni ile ile, lakini ile "ni" ilikuwa imehama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mpishi. Mpishi akaitwa, akaja anajifuta mikono. "Ni mimi," alisema. "Nilimwambia huyu mtoto tangu asubuhi, nikawa nangoja mniite. Hamkuniita." Akapewa adhabu ya kuanika vitabu juani, ukurasa kwa ukurasa, nasi tukamsaidia. Shangazi hakuitwa. Binti alimaliza shule hapa, akaendelea na masomo, na leo ni mkunga.

Wiki iliyopita Bi Nanikasema alifundisha kipindi chake cha mwisho, nami nilikuwa mlangoni bila kujificha. Aliwaaga watoto, kisha akawataka waandike jambo moja lililosemwa kipindi hicho. Mmoja akaenda ubaoni, akaandika: Mwalimu alisema nitakosa mtu wa kumuuliza.

Darasa zima likaona kosa. Mikono ikainuka, vidole vya sungura vikawa tayari vichwani, kila mtu anataka kufungua na kufunga. Mwalimu alichukua chaki, akainyanyua hadi kwenye lile neno "nitakosa", akasita. Nilikuwa sijawahi kumwona akisita mbele ya sentensi. Akairudisha chaki mahali pake.

"Iacheni hivyo hivyo," alisema. "Hapo tumesema wote."

Mwalimu wetu, tunakushukuru, na kuondoka kwako kunatuuma. Mungu akupe afya, mapumziko marefu, na wajukuu wenye maneno mengi.