Miaka Ambayo Felista Alibaki Kwenye Benchi

Marehemu Felista Nathanaeli alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 huko Ilongero, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nathanaeli Mghenyi na Mama Anastasia. Alibatizwa akiwa mchanga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1970 hadi 1976 na kuhitimu darasa la saba.

Mwaka 1983 aliolewa kimila na Mzee Ntandu wa Mungaa. Walilima uwele na alizeti, wakafuga ng'ombe, na kuku wake walisifika hadi mnadani. Lakini mumewe hakuwa Mkristo, na habari za ndoa ya kanisani hakutaka hata kuzisikia. Kwa sababu hiyo Felista hakuruhusiwa kukomunika, yaani kupokea Komunyo. Kila Jumapili alikuja, akaimba, akasali, na wenzake walipokwenda kupokea, yeye alibaki kwenye benchi.

Wapo waliomshauri aachane na mume, na wapo waliomshauri ahamie dhehebu lingine. Aliwajibu, "Siachi hata kimoja. Mungu anajua nilipokaa."

Si kwamba haikumuuma. Siku binti yake Leah alipopata Komunyo ya kwanza, Felista alilia, akajifuta machozi kwa kanga, kisha akaenda kupika pilau ya wageni. Hata hivyo, Felista hakumnunia mumewe wala hakumhubiria. Alimwombea tu.

Agosti 2016, siku ya Jumapili, ng'ombe wao alishindwa kuzaa, Mzee akamfuata mkewe kanisani. Aliposimama mlangoni aliona benchi zima limeinuka kwenda mbele, Felista peke yake amekaa. Walipokuwa wanarudi akamuuliza:

"Mama Leah, mbona hukwenda na wenzako?"

"Nakusubiri wewe."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponioa."

Mzee akaongeza mwendo mpaka zizini. Ndama alitoka salama, na wiki iliyofuata Mzee akabisha hodi kwa katekista. Alisoma mafundisho pamoja na watoto wa darasa la nne, tena walimsahihisha bila huruma. Pasaka ya 2018 alibatizwa, akaitwa Simeoni, na tarehe 30 Juni wakafunga ndoa. Padre alipomwinulia Felista hostia, "Amina" yake ilisikika hadi nje.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Alitibiwa mjini Singida, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Huko Mzee Simeoni alikaa kando ya kitanda, akamwambia, "Nisamehe, mke wangu. Nilikuchelewesha sana."

Felista akamshika mkono. "Lakini ulikuja."

Alifariki tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, muda mfupi baada ya kupokea Komunyo pamoja na mumewe.

Ameacha mume, watoto wanne, Leah, Michael, Witness na Ignas, na wajukuu tisa.

Ee Bwana, mpokee Felista, apumzike kwako kwa amani.